Mashine Ambayo Hakuna Aliyeilaumu

Kila aliyeingia kwenye chumba changu pale mtaa wa Mshangano, Songea, alitoka akisema mashine ni nzuri. Walisema hivyo hata wale niliowaona kwa macho yangu wakishindwa kuitumia. Fundi mmoja wa pikipiki alikaa mbele ya skrini akiigeuzageuza pedi ya kuchezea gemu mikononi, akajaribu kitufe hiki na kile, hakufika popote, mwisho akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha sahani ya ugenini. "Nzuri sana," alisema. "Hongereni." Akachukua penseli, akazungushia duara kile kinyuso kinachocheka kuliko vyote kwenye karatasi yangu, akaenda zake.

Kwa mujibu wa karatasi ile, fundi hakupata tatizo lolote. Kwa mujibu wa video yangu, hakuvuka ukurasa wa kuchagua lugha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza mashine mpya ya gemu, na kabla ya kuiingiza madukani ilitaka kujua kama watu wa nchi mbalimbali wataweza kuitumia bila kufundishwa. Mashine za majaribio zilipelekwa kwenye miji kadhaa duniani, na moja ikaletwa Songea. Katika kila mji alikuwepo mtu kama mimi. Unamkaribisha mshiriki mmoja, unampa mashine ikiwa ndani ya boksi, unamwomba aitoe, aiunganishe na TV, achague lugha, afungue akaunti, acheze gemu ya magari kidogo, kisha aizime. Humsaidii. Unakaa nyuma yake na kamera, na yeye anatakiwa kusema kwa sauti kila anachokifikiria. Akikuuliza swali, unamjibu kwa swali: "Wewe unaonaje?" Mwisho anachagua kinyuso kimoja kati ya vilivyochorwa kwenye karatasi, kuanzia kinachonuna hadi kinachocheka.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya saikolojia na kurudi nyumbani kwa mama, mjini Songea, nikiwa sina ajira na nina maoni mengi. Nilihoji mahubiri ya Jumapili, nikahoji dawa za mafua, nikamhoji mama kwa nini tunapalilia mahindi kwa mpangilio ule ule kila mwaka. Nilipopata kazi hii mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akisema sasa nitakwenda kuwachosha watu wengine.

Ila nilikuwa nashindwa, na kila mtu aliyehusika alikuwa anaona. Kila wiki tulikutana kwa video, watafiti wa nchi zote, na kila mmoja alionyesha vipande vya watu waliokwama. Mwenzetu wa nchi moja alikuwa na mzee aliyeitukana mashine kwa dakika nzima bila kurudia tusi. Mwingine alikuwa na msichana aliyeitupa pedi kwenye kochi. Mimi nilionyesha vinyuso vinavyocheka. Baada ya wiki chache msimamizi wangu, dada mmoja wa Dar es Salaam aliyesimamia vituo vya Afrika Mashariki, alinipigia pembeni.

"Kama huko hakuna tatizo, hakuna cha kukaa kutafuta," alisema. "Mwisho wa mwezi tunafunga kituo. Tutaandika kwamba Songea mashine imejaribiwa na haina kikwazo."

Alisema kwa upole, hata kwa pongezi. Lakini nilijua sentensi ile ingefanya nini. Mashine ingefika huku ikiwa na baraka za watu wa huku, na yule fundi wa pikipiki akija kuinunua na kukwama tena, angeambiwa kwamba watu wa Songea waliipima na kuipenda. Angejiona yeye ndiye mjinga peke yake. Niliamua kwamba sentensi hiyo haitaandikwa.

Nilianza na zawadi. Kila mshiriki alipewa mfuko wa sukari mwishoni, na nilidhani labda mtu haisemi vibaya mashine wakati sukari bado iko mezani kwangu. Nikaanza kuitoa mwanzoni kabisa, hata kabla boksi halijafunguliwa. Walianza kusifia mapema zaidi.

Nikafikiria mtihani. Watu wengi hapa, mara ya mwisho kukaa mbele ya mtu aliyenyamaza na kalamu mkononi ilikuwa kwenye mtihani wa taifa, na kwenye mtihani kuongea ni kosa. Mwongozo ulinitaka niseme, "Hatukupimi wewe, tunapima mashine," na kila nilipoisema niliona nyuso zikikaza, kwa sababu ndivyo hasa wanavyosema walimu wakiwa wanakupima. Nikatoa meza. Nikatandika mkeka. Nikaficha kalamu. Watu wakakaa kwa raha zaidi na kusifia kwa raha zaidi. Mama mmoja wa Tunduru aliyekuja mjini kwa mambo ya korosho alisema bismillahi kwa sauti alipoishika pedi, akanyamaza muda wote, mwisho akasema alhamdulillahi. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yake yote niliyoyarekodi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nasikia malalamiko, tena ya bure, kupitia ukutani. Chumba changu kilikuwa cha kupanga, na chumba cha pili kilikuwa banda la gemu la mama mwenye nyumba, lenye TV za zamani na mashine zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Huko watu walizisema mashine vibaya tangu asubuhi. Pedi imekufa ganzi. Gari halikati kona. Hii nayo ilitengenezwa na shemeji yake nani. Na baadhi yao walikuwa washiriki wangu. Wakitoka kwangu kimya, wakiingia upande wa pili tu, ndimi zinafunguka.

Kwa hiyo hawakuwa watu wapole kwa mashine. Walikuwa wapole kwangu.

Mama mwenye banda alikuwa Mngoni, wa umri wa mama yangu, mwenye sauti ya kuamrisha na sweta la kijani ambalo halikumtoka mwilini msimu wote wa baridi. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akanitazama vizuri, akauliza, "Mwanangu, wewe kabila gani?"

Nikamjibu, "Mimi Mtanzania tu, mama."

Nilikuwa na sababu zangu. Chuoni nilikuwa nimebishana sana kuhusu swali hilo. Niliona ni swali la kumweka mtu kwenye boksi kabla hajafungua mdomo. Mama akasema, "Haya," akanivutia kigoda, na tangu siku hiyo akaniita mgeni. Mgeni ameamka? Mgeni apewe chai. Nilikuwa naishi kilomita chache tu kutoka pale, nimezaliwa hospitali ya mjini, lakini nikawa mgeni.

Ilipofika zamu yake ya kuwa mshiriki, alivaa khanga mpya juu ya lile sweta na kuingia chumbani kwangu kama mtu aliyeitwa ofisini. Yeye mashine anazijua. Aliunganisha nyaya haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumrekodi, akachagua Kiswahili, akaanza kuendesha gari. Nikajua nitapata sifa nyingine tu.

Ndipo umeme ukakatika. TV ikafa, mashine ikafa, na upande wa pili wa ukuta ukaguna kwa pamoja. Tulisubiri kidogo, mimi na yeye, tukiitazama skrini tupu. Umeme uliporudi skrini ikawaka nyekundu, na juu yake maandishi makubwa: Mashine haikuzimwa kwa njia sahihi. Kitendo hiki kinaweza kuharibu kifaa chako. Tafadhali izime kwa usahihi wakati mwingine. Chini kulikuwa na kitufe chekundu cha kukagua na kingine cha kuendelea bila kukagua.

Niliona mkono wake ukirudi chini ya khanga. "Nimeiharibu?" aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Mwongozo ulikuwa wazi. "Wewe unaonaje, mama?"

Alinitazama, akaitazama skrini. "Nzuri," alisema. "Mashine nzuri sana." Na akanyoosha mkono kuchukua penseli.

Mlangoni pakatokea kivuli. Alikuwa mwalimu wa sekondari, Mhehe aliyehamishiwa huku kutoka Iringa miaka mingi iliyopita, mteja wa kudumu wa banda, ambaye zamu yake ya majaribio ilikuwa inafuata. Alikuwa amewahi. Alisimama na kofia ya pikipiki kichwani, akaisoma ile skrini nyekundu, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Wangoni," alisema. "Watu wanaletewa kitu kutoka ng'ambo asubuhi, mchana wameshakiua."

Mama hakugeuka. "Nyamaza, Mhehe. Babu yako aliona moshi wa jiko letu tu, akakimbia mpaka Iringa."

"Alikimbia harufu ya ugali mliounguza. Bonyeza hiyo nyekundu, unaogopa nini?"

"Nibonyeze nini, na yenyewe inasema nimeizima vibaya? Mimi nimeizima saa ngapi? Umeme umekatika mtaa mzima, hata wewe umeona. Hii inanisingizia." Sasa alikuwa amegeuka, na pedi alikuwa ameielekeza kwa mwalimu kama mwiko. "Inanisingizia, halafu inaniambia nichague. Nikikagua, itakagua nini? Nisipokagua ikafa, nitamwambia nini mgeni? Na nyekundu ya nini? Nyekundu ni kitu cha kusimama, siyo cha kubonyeza."

"Kwa hiyo umesimama."

"Nimesimama. Wewe ungekuwa umeshatoroka."

Nilitakiwa kumtoa mwalimu. Mshiriki anakuwa peke yake, ndivyo ilivyo katika kila nchi. Sikumtoa. Nilihakikisha tu kwamba taa ya kamera inawaka, nikazidi kujibana ukutani. Kwa muda uliofuata mama aliipitia mashine yote upya akijitetea mbele ya Mhehe wake, na katika kujitetea alisema kila kitu. Kwamba maandishi ni madogo kwa mtu anayekaa mbali na TV. Kwamba inadai barua pepe kabla hata hujaona gari. Kwamba neno lililotumika kwa kuhifadhi mchezo hakuna mtu anayelitumia. Mwalimu alicheka, akamwita fundi wa Kingoni, akamuuliza kama anasubiri unyago ndipo ajue kona, na yeye akamjibu kwa habari za pombe ya ulanzi na watu wanaoshindwa kupata njia ya kurudi nyumbani. Walipomaliza alichukua penseli na, bado akimtukana mwalimu, akazungushia kinyuso cha katikati, kile kisichocheka wala kununa. Kilikuwa kinyuso cha kwanza cha aina yake Songea.

Jioni ile ile nilimtumia msimamizi video. Aliitazama, akanipigia.

"Hii imeharibika," alisema. "Yule mwalimu amemwambia abonyeze nyekundu. Na kwa nini wanatukanana?"

"Ni watani."

"Najua ni watani. Wenzetu wa ng'ambo nitawaambia nini? Kwamba Tanzania tunapima mashine kwa matusi?"

Nilimwambia kwamba mama alikuwa ameshasema nzuri kabla mwalimu hajafika, na video ilionyesha hivyo. Mwalimu hakumtilia maneno mdomoni. Alimkuta ameyafungia. Tulibishana mpaka bando langu likakaribia kuisha. Mwisho alisema kama ninaamini hivyo, nirudie na watu wengine, nionyeshe kwamba siyo porojo za watu wawili wanaojuana, na kama nitaweza, nitasimama mwenyewe mbele ya kikao kueleza. Nisipoweza, ile sentensi inaandikwa.

Mimi sikuwahi kuuamini sana utani. Niliuona kama leseni ya kutukana iliyosainiwa na mababu, na nilikuwa nimekaa kwenye misiba ambako watani waliigiza kilio cha marehemu na mimi nikakasirika kwa niaba yake. Hata sasa sikutaka kuuamini kwa sababu tu umenifaa. Kwa hiyo nilianza kwa kutafuta maelezo mengine. Labda ilitosha watu wawili kuwa pamoja. Nikaalika marafiki. Marafiki walisaidiana kuficha: mmoja akikwama, mwenzake anampokonya pedi taratibu, anamalizia, wote wanasema tumeweza. Nikaalika mume na mke. Mke alijua, mume alishika pedi, na mke akanyamaza kwa bidii kubwa ili mume asionekane hajui.

Nikaenda kutafuta watani. Hapo ndipo nilipojikuta, mimi wa Mtanzania tu, nazunguka sokoni na kwenye maofisi nikiuliza watu kabila. Swali lilinitoka mdomoni kwa aibu mara za kwanza, na watu walilijibu bila hata kuacha walichokuwa wanafanya. Nikampata Mchaga mwenye duka la vipuri na Mpare muuguzi, wote watu wa kuja, na nilipowakalisha kwenye mkeka sikuhitaji kusoma mwongozo. Skrini nyekundu ilipotokea, maana sasa nilikuwa nachomoa waya wa umeme mwenyewe, muuguzi alimwambia mwenzake kwamba mashine imeona inashikwa na Mchaga, ikajifunga isije ikauzwa. Mchaga akajibu kwamba Mpare angeipeleka mahakamani kwa kumtolea sauti kali. Kisha akaisoma tena na kukunja uso. "Lakini kweli, kwa nini inanilaumu mimi?"

Lilikuwa lalamiko lile lile la mama mwenye banda. Nililiandika chini ya lake.

Kisha nikavuruga. Nilimchukua dereva mmoja wa bodaboda, Mngoni, na mama mmoja Mbena anayeuza nyanya sokoni. Kwa kabila walikuwa watani kamili, na wote wawili nilikuwa nimewasikia sokoni wakiwachachafya watu. Nikawapangia muda mmoja bila kuwaambia atakayekuja ni nani. Mama wa nyanya alifika kwanza, akakaa. Dereva akafika akipiga mluzi, akachungulia, mluzi ukafia hewani. Akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka uani, akavua kofia, akainama na kutoa shikamoo kwa kupitia dirishani huku macho yakiwa kwenye majani. Mama wa nyanya alijifunika khanga kichwani akaitikia akiutazama ukuta.

Nilidhani ni haya za kawaida. Nikamwingiza. Walikaa kila mmoja kwenye pembe yake ya mkeka. Dereva alipomaliza zamu hakumpa mwenzake pedi mkononi. Aliiweka chini katikati, akarudi kwenye pembe yake, ndipo mama akaiokota. Nikachomoa waya. Skrini ikawa nyekundu, ikawashutumu wote wawili, na wao wakaipokea shutuma kwa kuinamisha vichwa. Mwisho dereva alisema ni mashine nzuri. Mama akasema ni kweli, ni nzuri. Vinyuso viwili vyenye kucheka kuliko vyote.

Mama wa nyanya alipoondoka, dereva alibaki anavaa kofia yake.

"Dada," aliniambia, "yule ni mama mkwe wangu."

Nilimwomba radhi mpaka akachoka.

"Hapana, siyo ubaya," alisema. "Ila hata ungeniletea ndege niirushe, ikaanguka, mbele yake ningesema nzuri."

Alipowasha pikipiki nilicheka peke yangu uani mpaka mama mwenye banda akatoka kuangalia. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona nilichokuwa nacho. Makabila yale yale, mkeka ule ule, mashine ile ile, watu ambao sokoni ni wakali wa maneno. Kilichobadilika ni ruhusa tu. Mbele ya mkwe huna ruhusa ya kushindwa, mbele ya mgeni huna ruhusa ya kulaumu, na mbele ya mtani unaweza kufanya yote mawili bila mtu kuvunjiwa heshima. Wiki nzima nilikuwa natafuta jaribio la kunipinga, na nilikuwa nimelipanga mwenyewe bila kujua.

Kikao kilifanyika alasiri yetu, asubuhi ya wengine. Nilikuwa na vipande vitatu. Kwanza mama mwenye banda peke yake, mkono ukirudi chini ya khanga, akisema nzuri. Pili mama huyo huyo na mwalimu. Tatu dereva na mkwewe, ambao niliomba idhini yao tena na tena mpaka dereva akaniuliza kama ninamfungisha ndoa upya. Niliweka maandishi chini ya kila kipande, na nilipofika kwenye neno "inanisingizia" nilieleza kwamba ni kutwisha mtu kosa ambalo hakulitenda. Mtu mmoja alicheka kwa kuchelewa, pale kwenye habari za ugali. Mwingine, wa kampuni, akauliza lile nililolitegemea: tutajuaje kwamba yule mwalimu hakumfundisha la kusema?

Nikamwambia arudishe video nyuma. Mashine ndiyo iliyomfundisha la kusema, nikamwambia, ilipomwandikia kwamba amekosea. Mwalimu alimpa tu mtu wa kumkatalia. Na yule muuguzi na mwenye duka, ambao hawajawahi kumwona mama wala mwalimu, walisema jambo hilo hilo kwa maneno mengine.

Nikajua ninasubiri msimamizi wangu azungumze, na kwamba akinyamaza nimekwisha.

"Mimi ni Mzaramo," alisema, kwa lugha yao na kisha akarudia kwa yetu, nadhani kwa ajili yangu. "Nina shemeji Msukuma. Hajawahi kusifia chakula changu hata siku moja. Ndiyo maana yeye pekee ndiye ninayemuuliza kama chumvi imezidi."

Kituo hakikufungwa. Njia ya watu wawili ilikubaliwa kwa Songea, kwa majaribio, walisema, na mimi neno hilo halikuniudhi. Ripoti ilibeba ile skrini nyekundu. Baadaye mwenzetu wa nchi nyingine aliniandikia akisema naye amekumbuka kwamba umeme kwao hukatika, ila washiriki wake walikuwa wanaona aibu kulitaja.

Toleo jipya la mashine lilipofika, nilimwomba mama mwenye banda arudie. Peke yake, kwa mwongozo wa zamani, kwa sababu kampuni ilitaka kulinganisha. Aliingia na sweta lake la kijani. Nilikaa nyuma. Alipofika katikati ya mbio nikachomoa waya, nikauchomeka tena. Hakukuwa na nyekundu. Skrini iliandika: Umeme ulikatika. Mchezo wako uko salama. Endelea.

Aliisoma kwa kusogeza midomo. Akabonyeza, akaendesha kidogo, akaweka pedi chini. Kisha akavuta karatasi ya vinyuso na kushika penseli, na nikaona mkono ukielekea kule kule kwenye kicheko.

"Nzuri, mgeni," alisema.

Huenda ilikuwa nzuri kweli. Lakini sikuwa na namna ya kujua, na kutojua huko ndiko kulikokuwa kazi yangu yote. Nikafunga mwongozo, nikauweka chini ya kigoda.

"Mama, siku ya kwanza uliniuliza mimi kabila gani."

"Ukasema wewe Mtanzania."

"Mama yangu Mmatengo wa Mbinga. Baba yangu Mbena wa Njombe."

Penseli ilisimama. Aligeuka mwili mzima, akanitazama kuanzia miguuni, polepole, kama mtu anayekagua mfuko wa mahindi aliouziwa.

"Mbena," alisema. "Mbena, na mimi miezi yote hii nampikia chai."

"Ilikuwa chai nyepesi."

Alifumba macho kama anaomba subira. Alipoyafumbua alikuwa ameshaitupa penseli na kushika pedi. "Sasa sikiliza, Mbena, kwa sababu nyinyi huwa mnachelewa. Inasema mchezo wako uko salama. Nani kaiambia ni wangu? Angalia hili gari. Hili gari ni la mwalimu. Alicheza jana hapa na wewe, si ndiyo? Mimi nimeingia leo, umeme umekatika, imerudi imenikalisha kwenye nafasi yake, na pointi zake zote. Mimi nafurahi, mali ya Mhehe nachukua. Lakini bandani kwangu watu wanapokezana pedi tangu asubuhi. Mashine hii inadhani nyumba ina mtu mmoja. Wakigombana watu wangu, utakuja wewe kuamua?"

Sikuwa nimeliona hilo. Hakuna mtu wa nchi yoyote aliyekuwa amelitaja. Niliinuka kuangalia kamera. Taa ilikuwa bado inawaka. Nikakisogeza kigoda changu kutoka nyuma yake, nikakiweka pembeni, tukawa tunaitazama skrini wote wawili.

"Anza tena mwanzo," nilimwambia. "Pale ulipowasha."

"Usinifundishe kazi," alisema, na akaiwasha. "Na ondoa mguu wako kwenye waya, Mbena, usije ukanisingizia na wewe."